Kiazi Nilichompelekea Bibi

Nilipokuwa na miaka 11, mvua za vuli zilikosa kwetu, upande wa Muheza. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, na kufikia Januari watu walianza kuingia vichakani kuchimba ndiga, kiazi cha porini chenye sumu. Aliyewahi kuila anajua kwamba ndiga haitaki haraka. Inamenywa, inakatwa vipande vyembamba, inatiwa kapuni na kulazwa mtoni siku kadhaa hadi sumu iishe, ndipo inaanikwa na kupikwa. Bibi yangu mzaa mama aliijua kazi hiyo hatua kwa hatua. Sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa kuchimba.

Siku moja nilijitenga na wenzangu, nikachimba peke yangu chini ya kichaka cha mkwamba kando ya njia ya mtoni. Nilipata viazi vinne. Vilikuwa na ngozi laini ya kahawia, vinene kama kidole gumba cha mtu mzima, na kila kimoja kimejikunja katikati kama kiwiko cha mkono. Jembe lilikikata kimoja, nikaona ndani ni cheupe pee. Niliviona bora kuliko ndiga, maana havikuwa na vile vinyweleo vya kuchoma vidole wakati wa kumenya. Nikavifunga kwenye pindo la khanga, nikakimbia nyumbani.

Bibi alikishika kimoja, akakigeuza, akakirudisha chini polepole.

"Umeonja?"

"Sijaonja, bibi."

"Mjukuu wangu, niambie kweli. Umetia mdomoni hata kidogo?"

Niliapa. Akaninawisha mikono kwa majivu na maji, mara mbili, akanawa na yeye. Kisha akachukua fimbo yake. "Nipeleke ulikochimba."

Nilidhani tukifika atainama kutazama shimo. Bibi hakuliangalia shimo kabisa. Alitazama juu, kichakani, akaanza kupekua matawi ya mkwamba kwa ncha ya fimbo. Akaniita nisogee. Palikuwa na bua limekauka, jembamba kama la mpunga, limeegemea matawi. Majani yake yalikuwa makavu, yamepauka, lakini ncha ya kila jani ilikuwa imejisokota kwenye kijiti cha mkwamba kama mkia wa kinyonga. Mmea umekufa, na bado umeshikilia. Juu zaidi lilining'inia ganda la urefu wa kidole changu, limepasuka sehemu tatu, na ndani mlikuwa na mbegu za mviringo, nyekundu ya kuelekea chungwa, zimepangana kama shanga.

"Huu ni mkalamu," bibi akasema. "Masika uliniletea maua yake ukaniuliza jina lake. Leo mkalamu umevua nguo tu, nawe umeshausahau."

Nimefundisha baiolojia shule ya sekondari kwa miaka mingi sasa, na sijapata somo lililoniingia kuliko lile. Mimi mkalamu nilikuwa naujua! Kila mtoto wa kwetu aliujua. Masika ukiparamia vichaka tuliyachuma maua yake na kuyachomeka nywelini: petali sita zilizopinda kwenda juu kama ndimi za moto, kingo zake zimejikunja mawimbi, zinaanza na kijani cha manjano na kuishia nyekundu kadiri siku zinavyopita. Nilichokuwa nakijua ni ua. Mmea wenyewe sikuwa naujua, na kwa miezi mingi ya mwaka mmea huo hauna ua.

Viazi vile bibi alivitupa chooni. Jioni alitusimulia habari za kijana mmoja wa kitongoji cha jirani ambaye zamani alikula kiazi cha mkalamu akidhani ni cha kawaida. Alitapika na kuhara hadi watu wakakata tamaa. Alinusurika, na haikutimia wiki mbili nywele zake zote zikanyonyoka. Watu wakasema amerogwa. Bibi hakulipinga hilo wala hakulikubali. Alisema tu kwamba yeye hajui uchawi ila mkalamu anaujua.

Nilipofika chuoni nilikutana na kile kisa tena kwenye somo la kemia ya mimea, nikakaa muda mrefu nikikitazama ukurasani. Mkalamu, kwa jina la kitaalamu *Gloriosa superba*, una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi na mbegu zinayo kwa wingi. Sumu hiyo huzuia seli zisigawanyike. Kwa hiyo huanza kuumiza sehemu za mwili ambazo seli zake hugawanyika upesi: utumbo, uboho wa mifupa, mizizi ya nywele. Kijana yule hakurogwa. Na sumu hiyohiyo, ikipimwa kwa uangalifu mkubwa, ni dawa ya jongo, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma. Huko Tamil Nadu, kusini mwa India, wakulima huupanda mkalamu kwa ajili ya mbegu zake. Ua lake ndilo ua la jimbo hilo, na ni ua la taifa la Zimbabwe. Mwaka 1947 binti mfalme Elizabeth, kabla hajawa malkia wa Uingereza, alizawadiwa bruchi ya almasi yenye umbo la ua hili alipozuru nchi hiyo, enzi hizo ikiitwa Rhodesia ya Kusini. Huwa nawaambia wanafunzi wangu hilo ili wajue kwamba ule "mmea wa vichakani" wanaoupita kila siku una heshima zake duniani.

Basi tangu siku ile nilianza kuangalia mimea kwa namna nyingine. Swali la "ua lake likoje?" nililiweka la mwisho. Kwanza jani, kisha tunda.

Chukua mkalamu na viazi vikuu vya porini, ambavyo huota kichaka kimoja na kupanda mti mmoja. Jani la kiazi kikuu lina umbo la moyo na kikonyo kirefu, na katikati ya mishipa yake mikubwa kuna mishipa midogo iliyofumana kama wavu. Ndiga ina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, na mara nyingi bua lina miiba. Mimea hiyo hupanda kwa kujizungusha bua lenyewe. Mkalamu haujizungushi bua. Jani lake halina kikonyo, limekaa moja kwa moja kwenye bua, mishipa yake imelala sambamba kama ya jani la muhindi, na ncha yake ndiyo inayokamata. Ukipapasa ncha za majani gizani unaweza kuutambua bila kuona.

Matunda nayo hutofautiana, japo hapa ndipo mtu mwenye haraka hukosea, kwa kuwa yote mawili yana pande tatu. Tunda la kiazi kikuu lina mabawa matatu membamba kama karatasi, na mbegu zake ni bapa, nazo zina ubawa wa kurukia upepo. Tunda la mkalamu ni nene, kijani, refu kuliko upana wake, na likikomaa hupasuka na kuanika zile shanga nyekundu. Ukizikuta shanga zile juu, usichimbe chini.

Sasa nisimulie kosa langu la pili, ambalo nililifanya nikiwa mtu mzima mwenye cheti.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, nyuma ya nyumba za walimu palikuwa na miembe mikubwa, na chini yake kila mvua zilipoanza ilichomoza nyinyoro. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua jina hili kutoka Wimbo Ulio Bora, penye nyinyoro ya mabondeni. Kwetu nyinyoro ni ile inayotokeza ardhini ikiwa bua tupu, kichwani lina mpira mwekundu wa maua madogomadogo. Kichwa kimoja kinaweza kuwa na maua hadi 200, kila moja na petali sita nyembamba kama nyuzi na stameni sita, yaani nyuzi zinazobeba chavua, zilizochomoza nje. Mpira mzima ukiutazama kwa mbali ni kama brashi ya duara. Huchanua siku chache tu, kisha hunyauka.

Chini ya miembe hiyohiyo paliota pia mmea mwingine, nami niliuandika kwenye daftari langu kama "mmea wa majani mapana, haujatambuliwa". Majani yake yalikuwa na mshipa mkubwa katikati, na vitako vyake vilikumbatiana kuwa shina la uongo, kama mgomba mdogo unaofika magotini. Kwenye vitako hivyo palikuwa na madoa ya zambarau. Nilidhani ni jamaa wa manjano au tangawizi pori. Nikawafundisha wanafunzi hivyo kwa miaka miwili.

Mwaka wa tatu mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, nyinyoro haina majani, sasa chakula inapata wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo, na wiki ile sikulala vizuri. Mwisho nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo: nilichukua uzi mweupe wa kushonea, nikafunga mabua sita ya nyinyoro yakiwa na maua, nikachomeka kijiti kando ya kila moja. Kisha nikasubiri.

Baada ya muda, pembeni ya uzi wa kwanza, kukatoka ardhini ncha ya jani iliyoviringwa. Ikafunguka. Shina la uongo, madoa ya zambarau, mshipa mkubwa katikati. Mimea yangu miwili ilikuwa mmoja! Maua hutangulia, majani hufuata nyuma, na kwa sababu sikuwahi kuwa na subira ya kukaa mahali pamoja nilikuwa nimewapa watoto wa watu mimea miwili badala ya mmoja. Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia wazi kwamba nilikosea, na nikawapeleka wakaone uzi. Mwanafunzi yule aliyeuliza swali ndiye aliyeyaona matunda kabla yangu: gololi za kijani ukubwa wa kunazi, zimekaa pale palipokuwa na maua, ambazo baadaye zilikuwa nyekundu. Ganda kavu la kupasuka halikuwapo.

Kutoka hapo ndipo nilipoanza kufundisha kitu ninachokiita mimba ya ua. Kila ua lina kifuko cha mbegu ambacho ndicho kitakachokuwa tunda. Swali ni: kifuko kimekaa wapi? Shika ua la mkalamu. Petali zimeangukia nyuma, na kifuko cha kijani unakiona peupe, kimebaki upande wa ndani, mahali petali zinapoanzia. Tena ule uzi wa kupokea chavua unaotoka kwenye kifuko umepinda ghafla kwenda ubavuni, kama mtu aliyegeuza shingo. Hiyo ndiyo alama ambayo sijaiona kwenye ua jingine la vichaka vyetu. Halafu shika kiua kimoja cha nyinyoro. Kifuko kiko nje, chini ya petali, kama goti chini ya sketi. Petali zikidondoka, mimba inabaki pale chini ikivimba. Jambo dogo hili linatenganisha mimea hii miwili, ambayo ni ya koo tofauti. Mkalamu uko karibu na mayungiyungi halisi ya Ulaya, Asia na Marekani, yale ya jenasi *Lilium*, ambayo hapa kwetu hayana spishi ya asili hata moja. Nyinyoro iko karibu na kitunguu maji na kitunguu saumu.

Na hapo kwenye kitunguu nasimama kidogo, kwa kuwa ni jambo linalonikosesha raha. Nyinyoro ina tunguu ardhini, lina magamba kama ya kitunguu, na lina sumu. Sehemu mbalimbali za Afrika limetumika kuvulia samaki na kupaka mishale. Mtu akilichimba likiwa halina jani wala ua, kinachomwambia kwamba hiki si chakula ni nini? Nusa: kitunguu kina harufu ya kitunguu, tunguu la nyinyoro halina. Lakini ushauri wangu wa kwanza ni kwamba tunguu lisilo na kichwa kinachojulikana liachwe ardhini.

Kuna mmea mwingine wa ukoo huo ambao sisi tuliuita kitunguu pori, kwa kitaalamu *Crinum*. Majani yake ni marefu kama mikanda, yanatoka ardhini kwa duara na kulala huku na huku, tofauti na nyinyoro yenye kishina kilichosimama. Maua yake ni makubwa, meupe yenye mstari wa waridi katikati ya kila petali, yako kadhaa juu ya bua moja nene. Watu wengi wakiyaona husema "hili ndilo yungiyungi lenyewe", na kwa ua peke yake siwalaumu. Ila geuza ua utazame mimba: iko chini ya petali, kwenye shingo ndefu. Basi si *Lilium*.

Tunda lake ndilo lililonishangaza. Mwezi Mei mwaka mmoja niliokota mbegu tatu kando ya barabara, pale bua lilipolala kwa uzito wa matunda yake. Zilikuwa kubwa, zenye mabonde, za kijani chafu, ungedhani ni viazi mviringo vidogo. Niliziweka kwenye droo ya meza yangu ofisini nikazisahau. Baada ya likizo nilifungua droo kutafuta chaki, nikakuta kila moja imetoa mzizi mweupe juu ya madaftari, na moja ilikuwa na jani. Bila udongo, bila tone la maji. Mbegu ile hubeba maji yake yenyewe, haihitaji kusubiri mvua. Nilizipanda mbele ya jengo la utawala, zipo hadi leo, na sijawahi kuhitaji alama nyingine ya kuutambua mmea huo: likipasuka tunda na kutoa viazi, ni kitunguu pori.

Yungiyungi la maji nalipita kwa ufupi, ingawa ndilo ambalo wengi huliita yungiyungi. Si jamaa wa hawa wote. Hesabu petali zake uone. Hazifuati tatu wala sita, ni nyingi tu, zimepangana kwa ndani hadi kugeuka stameni. Kwenye bwawa karibu na shule tunayo mawili, na hapa jani linatosha. La bluu lina majani ambayo kingo zake ni laini au zina mawimbi madogo, na huchanua mchana. Jeupe lina majani yenye meno makali pembeni kama msumeno butu, na huchanua usiku, likafumba jua linapopanda. Kwa hiyo mtu anayetembea bwawani saa nane mchana anaweza kuapa kwamba maua meupe hayapo, na mtu wa kupapasa kingo za majani akamwonyesha lilipo. Tunda usilitafute juu. Ua likishamaliza kazi, kikonyo hujikunja na kulivuta chini, na tunda hukomaa majini. Na ile yenye vikonyo vilivyovimba kama maputo, majani yamesimama juu ya maji, ni gugumaji, hata kama ua lake la zambarau limekuvutia.

Hata lile ua jeupe la faneli moja ambalo huuzwa kwa mashada ya harusi na misiba, linalopandwa kwenye bustani za Lushoto, si yungiyungi. Ile faneli si petali hata kidogo. Ni jani lililogeuka jeupe, na maua yenyewe ni chembechembe kwenye kile kidole cha manjano katikati. Liache lizeeke uone: kidole hujaa matunda madogo yaliyobanana. Jani lake, lenye umbo la ncha ya mkuki na mishipa inayotoka mshipa wa kati kwenda pembeni, lilikuwa limeshakwambia.

Bibi alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, kabla sijamsimulia habari za kolchisini. Ningependa angejua kwamba alichokuwa nacho kichwani kimo kwenye vitabu, na kwamba vitabu havina lile la kutazama juu kabla ya kutazama shimo.

Kila mwezi Mei, mkalamu ukiwa bado na maua na watu wote wanautambua, natoka na wanafunzi wa kidato cha kwanza tukiwa na vipande vya kitambaa chekundu. Tunapita ua wa shule, njia ya mtoni na kingo za mashamba ya majirani, kwa ruhusa yao. Kila tunapoukuta mkalamu tunafunga kitambaa kwenye tawi la mti unaouegemea, maana bua lenyewe litaoza. Tunamwambia mwenye shamba: hapa chini, baba, pana kiazi, kiangazi kikifika mtu asichimbe. Mwaka jana tulifunga vitambaa 43. Mama mmoja alitusikiliza hadi mwisho, akaingia ndani akatoka na kikapu cha viazi alivyochimba asubuhi ile, akakiweka miguuni mwa wanafunzi, akasema, "Haya wanangu, nitazamieni." Msichana mmoja alianza kuvitoa kimoja kimoja. Mwenzake alimshika mkono akamuuliza yule mama, "Shikamoo mama. Kwanza tuonyeshe ulikochimba."